Kopo la Ritifaa

Mwaka ule wote herufi yetu moja ilikuwa inachinjwa.
Ikifika mwisho wa mstari programu inaivunja:
ng inabaki juu, ritifaa inaangukia chini,
kama ndama aliyekatikiwa kamba.
Nilichapa ratiba ya mazishi ya mama yake Kandida,
wimbo wa pili, ubeti wa tatu: nyota iking
'aa,
na padri akasita palepale mbele ya jeneza,
akatazama karatasi,
akanitazama mimi.

Ni Aikael wa Pasua, mchapa mitihani,
aliyemwandikia mwenye programu, kwa Kiingereza cha kuungaunga.
Mtu tusiyemjua. Hana ofisi, hana karani;
hushona msimbo wake usiku, watoto wakishalala,
kisha anauacha wazi kama mlango usio na komeo:
mwenye haja achukue, mwenye ujuzi atengeneze.
Siku ya nne jibu likaja. Nimerekebisha. Samahanini.
Samahanini!
Hajatudai hata senti, na ndiye anayeomba radhi.

Tukakutana nyuma ya duka langu, Mbuyuni,
wachapaji kumi na tisa wa Moshi nzima,
kila mmoja na elfu mbili yake mkononi.
"Mzungu naye tumchangie sisi?" akauliza Mbazi.
"Kwani ni Mzungu?"
"Sijui."
"Basi kaa."
Nakiete akashika kalamu, maana yeye hesabu humtii:
elfu mbili ikisafiri peke yake
mtandao unaionja, benki inaimega,
mbadilisha fedha analamba vidole,
inafika huko haitoshi kununua kiberiti.
Haba na haba, tulikaririshwa tangu darasa la pili.
Hakuna aliyetuambia kwamba haba ikifika getini
hutozwa kama gunia.

Tukatafuta kopo la maziwa ya unga, tukalitoboa kifuniko.
Elfu moja kila mwezi, na litumwe mara moja tu, Desemba.
Sharti: hakuna kukopa.
(Mimi nilikopa. Wino uliniishia wiki yenye harusi tatu.
Nikarudisha zote, na mia tano juu, usiku,
sijamwambia mtu.)
Eliaichi wa Njoro alikosa miezi miwili, mtoto alilazwa;
hatukumuuliza. Wengine walileta sarafu tupu
na kopo likawa zito kwa namna inayodanganya.

Desemba mji umefurika magari ya wanaorudi migombani,
kadi za kipaimara zimetufika magotini,
tukalimwaga kopo juu ya meza ya kukatia karatasi.
Laki mbili, ishirini na sita elfu, na mia tano.
"Hii mia tano ni ya nani?" akauliza Nakiete.
Nikatazama dirishani. Mlima siku hiyo ulikuwa umejifunika,
haukunisaidia kitu.

Zikatumwa. Makato yakakata, ndiyo, elfu kumi na moja na ushee;
lakini yalikata mara moja, si mara kumi na tisa.
Aikael akanuna hata hivyo, akasema ni wizi wa mchana.
Nakiete akamjibu akiwa anafunga pochi yake:
"Umeona kahawa gani ikitoka kukobolewa
na maganda yake?"

Wakaondoka. Nikabaki na kopo tupu na taarifa ya kuandika.
Fedha zetu, nikachapa, zimevuka salama kwenda
na hapo nikaacha nafasi makusudi,
moja, mbili, tano,
nikilisukuma neno hadi ukingoni mwa mstari
kama tulivyosukumana utotoni kwenye mfereji wa Kilema,
nione litavunjika au litaruka.

Likaruka zima, ritifaa ikiwa kifuani pake:
ng'ambo.